Maswali ya Wasomaji: Kusoma Ugenini na Kubaki wa Kwenu

Katika toleo lililopita tulichapisha habari fupi kuhusu makaburi ya Wapolandi yaliyopo Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha. Tulidhani wasomaji watauliza juu ya wale waliolala pale, lakini barua nyingi zimeuliza juu ya vijana wa Poland wa leo wanaosoma nje ya nchi yao, na kupitia kwao juu ya watoto wetu. Tumechagua nne, na majina ya walioziandika tumeyaacha kama walivyoomba.

*Mwanangu Mhariri, salamu. Binti yangu yuko mwaka wa pili wa chuo kikuu katika mji wa Manchester, Uingereza, na anaishi nyumba moja na wasichana wawili wa Poland waliohamishiwa huko na wazazi wao wakiwa wadogo. Ananisimulia kwamba wakipigiwa simu na mama zao huzungumza Kipolandi, wakishakata simu huzungumza Kiingereza hata wao kwa wao. Mmoja amemwambia kwamba yeye si Mwingereza, lakini akienda Poland wakati wa likizo binamu zake humcheka anavyotamka maneno. Mmoja anataka kuwa mwanasheria, mwingine mhandisi, na hakuna anayezungumzia kurudi. Sasa binti yangu naye ameanza maneno kama hayo. Je, kusoma nje ndiko kunakowafanya watoto wasijue tena ni wa wapi? – Mama wa watoto wanne, Majengo, Moshi.*

Shikamoo, mama. Barua yako imewaweka chini ya paa moja watu wa aina mbili, na nadhani hofu yako imeanzia hapo. Binti yako aliondoka Moshi akiwa mtu mzima, mwenye cheti chake cha kidato cha sita, Kiswahili chake, marafiki zake na mahali pake pa ibada. Wale wasichana wawili hawakuamua kuondoka, waliamuliwa. Kwa binti yako masomo ndiyo yaliyomfanya mgeni, ilhali kwa wenzake ugeni ulitangulia, na masomo yamekuja baadaye kama njia ya kuutoka.

Poland ilijiunga na Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004 pamoja na nchi nyingine tisa, na kati ya wanachama wa zamani ni Uingereza, Ireland na Sweden tu zilizowafungulia Wapolandi soko la ajira tangu mwanzo. Ujerumani, ambayo ni jirani yao wa mpaka mmoja, ilisubiri hadi mwaka 2011. Nyumbani, katika miaka ya mwanzo ya karne hii, ukosefu wa ajira ulikuwa umefikia karibu asilimia 20, na vijana waliotoka vyuoni ndio walioumia zaidi. Kwa hiyo waliopanda mabasi ya masafa marefu na ndege za bei nafuu kwenda London, Manchester na Dublin hawakuwa watu wasiosoma. Wengi walikuwa na shahada, na kazi walizozipata ni zile ambazo sisi huziita kubeba maboksi: maghala, majiko ya hoteli, mashamba ya mboga, viwanda vya kufungasha nyama, kutunza wazee. Mshahara wa huko ulizidi ule wa nyumbani mara kadhaa, na jambo hilo liliwawezesha kuvumilia kushuka cheo.

Watoto waliokua katika nyumba hizo waliona. Binti aliyemwona mama yake mwenye shahada ya uhasibu akitandika vitanda vya hoteli, huku akisahihishwa Kiingereza chake na kijana wa miaka ishirini, hahitaji kuhimizwa asome. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, tunakosea tukiyasoma malengo yao makubwa kama dalili ya kuikimbia Poland. Mhandisi na mwanasheria wa nyumba ile wanamalizia safari ambayo wazazi wao waliianza na kukwama nusu ya njia, na sehemu ya shahada hiyo, hata ikiwa imeandikwa jina la mtoto, ni deni la mzazi linalolipwa. Hili mzazi wa Moshi analielewa bila kuelezwa. Lina uzito wake pia, kwa sababu kijana anayesoma kwa ajili ya watu wawili huogopa kufeli mara mbili, na si rahisi kwake kusema kwamba sheria haimpendezi na angependa kuchora.

Kuhusu utambulisho wao, usidhani kwamba wameachwa peke yao. Katika sensa ya mwaka 2011 Kipolandi ndicho kilichotajwa na watu wengi zaidi England na Wales kuwa lugha yao kuu ukiondoa lugha za wenyeji, na waliokitaja walikuwa takriban 546,000. Katika miji mingi kuna misa za Kipolandi, maduka ya vyakula vya kwao, na shule za Jumamosi ambako mtoto aliyekwisha kusoma siku tano kwa Kiingereza hukaa tena darasani asubuhi ya siku ya sita akijifunza sarufi, historia na jiografia ya Poland. Wengi huzichukia shule hizo wakiwa na miaka kumi na mbili na kuzishukuru wakiwa na miaka ishirini, hasa wanapogundua kwamba Kipolandi ni somo wanaloweza kufanyia mtihani wa kuingilia chuo.

Kilichowatikisa kilitoka nje ya nyumba zao. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, na siku chache baadaye kituo cha utamaduni cha Wapolandi kilichopo Hammersmith, London, kiliandikwa maneno ya matusi mlangoni. Kisha ukaja utaratibu wa kuomba kibali cha kuendelea kuishi, ambao mwisho wake wa kawaida ulikuwa tarehe 30 Juni 2021. Fikiria kijana aliyeanza darasa la kwanza Manchester, aliyefanya mitihani yake yote huko, anayeshangilia timu ya mpira ya huko, akijaza fomu ya kuomba ruhusa ya kubaki. Baadhi waliomba uraia wa Uingereza haraka. Wengine walianza kujitambulisha kuwa Wapolandi kwa msisitizo ambao wazazi wao hawakuwahi kuusikia. Wengine tena walikataa nchi zote mbili na kusema kwamba wao ni watu wa Manchester, basi. Jibu hilo la tatu watu wazima huliona kuwa la kukwepa, lakini mimi naliona kuwa la kweli kuliko yote, maana mji ndio uliowalea, na mji hauulizi pasipoti.

Ama kicheko cha wale binamu, kisikutishe. Hapa kwetu kila Desemba mtu aliyezaliwa Dar es Salaam hupanda kwao Kibosho au Marangu, Kichaga chake kikachekwa na watoto wa baba yake mdogo, akala nyama pamoja na hao hao wanaomcheka, na Januari akashuka akiwa bado na sehemu yake katika kihamba, yaani shamba la ukoo. Wapolandi wana mkesha wao wa tarehe 24 Desemba, ambapo familia hukaa meza moja kwa chakula kisicho na nyama, na juma hilo ndege kati ya Uingereza na Poland hujaa. Anayechekwa mezani bado yuko mezani.

Sasa nirudi kwa binti yako, kwa sababu kuna tofauti moja ambayo yeye mwenyewe huenda hajaiona. Sheria ya Poland haimnyang'anyi raia uraia wake kwa sababu tu amechukua wa nchi nyingine, kwa hiyo wale rafiki zake wanaweza kuishi miaka hamsini wakiwa watu wa huku na wa kule bila kuchagua. Sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Maneno ambayo kwa wenzake ni hisia tu, kwake yanaweza siku moja kuwa fomu ya kutia saini. Usimuulize kama bado ni wetu. Swali hilo litamfanya ajitetee. Muulize fani yake inafanywaje Tanzania, nani anaajiri, ni bodi gani inasajili wataalamu wake, na kama amewahi kuzungumza na mtu aliyesoma kama yeye akarudi. Halafu mpe bibi yake simu.

*Mhariri, ninafundisha historia katika shule ya sekondari karibu na Tengeru. Baada ya kuisoma habari yenu niliwapeleka wanafunzi wangu makaburini, na wakaniuliza: watoto wa Kipolandi walioishi hapa walisoma nini, na mwishowe walikuwa watu wa wapi? – Mwalimu, Arumeru.*

Mwalimu, wanafunzi wako wameuliza swali zuri kuliko habari tuliyoiandika.

Watoto wale hawakuja Tengeru kutoka Poland moja kwa moja. Mwaka 1940 na 1941 utawala wa Kisovieti, uliokuwa umeichukua sehemu ya mashariki ya Poland, uliwahamisha kwa nguvu mamia ya maelfu ya raia na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan kwa mabehewa ya mizigo. Baada ya Ujerumani kuushambulia Umoja wa Kisovieti, mkataba wa Julai 1941 kati ya serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni London na Moscow uliwafungulia wengi wao, na mwaka 1942 makumi ya maelfu walivuka Bahari ya Kaspi hadi Iran pamoja na jeshi la Wapolandi lililoongozwa na Jenerali Anders. Wanaume wenye nguvu walibaki jeshini. Wanawake, wazee na watoto, wengi wao yatima, walitawanywa katika makoloni ya Waingereza, na kambi ya Tengeru, yenye watu wapatao 5,000, ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote za Wapolandi katika Afrika. Katika Tanganyika walikuwapo pia Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro.

Walisoma kana kwamba wanarudi kesho. Kambi ilikuwa na shule za msingi na sekondari, mafunzo ya kilimo na ushonaji, kanisa, skauti na kituo cha yatima, na ingawa vitabu vilikuwa adimu, masomo yalitolewa kwa Kipolandi na walimu wao wenyewe. Mtoto alikariri mito ya nchi ambayo aliiacha akiwa na miaka minne, huku dirishani akiutazama Mlima Meru. Lengo lilikuwa moja: amani ikija, Poland itahitaji walimu, wauguzi na wakulima, na wao watakuwa tayari.

Amani ilipokuja, mahali walipotoka hapakuwa Poland tena. Katika mkutano wa Yalta, Februari 1945, mataifa makubwa yalikubaliana kwamba sehemu kubwa ya mashariki ibaki kwa Wasovieti, na mwezi Julai mwaka huo huo Uingereza iliacha kuitambua ile serikali ya Poland ya uhamishoni London iliyokuwa ikiwasimamia. Baadhi walirudi Poland hata hivyo. Wengine, hasa waliokuwa na baba au kaka katika jeshi lililopigana upande wa Waingereza, walikwenda Uingereza; wengine Kanada na Australia. Mwaka 1949 yatima wapatao 150 walipelekwa Kanada wakiwa na padri Łucjan Królikowski, na serikali ya kikomunisti ya Warsaw ikalalamika kwamba wametekwa. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950.

Hivyo jibu la swali la pili ni kwamba walilelewa kwa makusudi wawe Wapolandi wa Poland, wakaishia kuwa Wapolandi wa London, Montreal na Melbourne. Shule za Jumamosi nilizozitaja katika jibu lililotangulia zilijengwa kwa sehemu kubwa na kizazi hicho cha wakimbizi wa vita, na chama kilichozisimamia huko Uingereza kilianza mwaka 1953. Mtoto wa msafishaji wa hoteli aliyefika mwaka 2005 alipoingia katika darasa la aina hiyo, alikuta limeandaliwa na watu ambao baadhi yao walijifunza kusoma hapo Tengeru. Waeleze wanafunzi wako jambo hili wakiwa pale pale makaburini, halafu uwaoneshe kwamba sehemu ya eneo la kambi leo ni chuo cha mifugo, na kwamba bado kuna vijana wanaotoka mbali kuja kusoma Tengeru.

*Mhariri, kwa nini mnawapa kurasa Wazungu wenye pasipoti inayofungua kila mlango, wakati vijana wetu wananyimwa viza kila siku? – Msomaji wa Sakina, Arusha.*

Ndugu msomaji, nusu ya malalamiko yako nayakubali. Kijana wa Warsaw anaweza kesho kuhamia Berlin au Amsterdam akasoma kwa ada ile ile ya mwenyeji, na kijana wa Sakina hawezi. Nusu nyingine naikataa, kwa sababu Wapolandi wenyewe wametuonesha jinsi mlango huo ulivyo wa karatasi. Kabla ya Uingereza kujitoa, mwanafunzi wa Poland huko England alilipa ada ya mwenyeji, iliyokuwa pauni 9,250 kwa mwaka tangu 2017, na aliweza kuikopa. Scotland alisomeshwa shahada ya kwanza bila ada. Waliotaka kuanza mwaka wa masomo wa 2021 walikuta ada ya wageni, viza, na hakuna mkopo. Idadi ya wanafunzi wapya wa shahada ya kwanza kutoka Umoja wa Ulaya ilishuka kwa takriban nusu mwaka huo. Vijana ni wale wale, na malengo yao ni yale yale. Tunapenda kusema kwamba kijana huenda anakoota kwenda, lakini mara nyingi huenda ada inakomruhusu.

Na wapo wanaosoma nje bila kuhama. Katika mji wa Ujerumani uitwao Frankfurt, ule mdogo wa kwenye Mto Oder na si ule wa mabenki, kuna chuo kikuu cha Viadrina kilichoanzishwa upya mwaka 1991, na ng'ambo ya daraja ni Słubice, mji wa Poland. Mwanafunzi anaweza kulala Poland, kusikiliza mhadhara Ujerumani, na kurudi kula kwao. Ukimuuliza kijana wa namna hiyo kama amepoteza utambulisho wake, nadhani atakuuliza aupotezee wapi.

*Shikamoo Mhariri. Ninasubiri matokeo ya kidato cha sita na ninapenda kemia. Nimesikia kuna ufadhili wa kusoma Poland. Mjomba wangu anasema anayekwenda kusoma nje amepotea, na kwamba hata Wapolandi maarufu hawakurudi kwao. Ni kweli? – Mwanafunzi, Moshi.*

Marahaba, mwanangu. Mjomba wako bila shaka anamfikiria Maria Skłodowska, ambaye dunia inamjua kwa jina la mumewe, Curie. Alizaliwa Warsaw mwaka 1867, wakati ambapo Poland haikuwa kwenye ramani na mji wake ulitawaliwa na Warusi, ambao hawakuwaruhusu wanawake kuingia chuo kikuu. Alisoma kwa siri katika madarasa yaliyokuwa yakihamahama nyumba kwa nyumba. Yeye na dada yake Bronisława walipatana: Maria afanye kazi ya kufundisha watoto katika nyumba za matajiri ili amlipie dada yake masomo ya udaktari Paris, kisha dada naye amsaidie. Mpango wa namna hiyo unafanyika leo katika nyumba nyingi za Kilimanjaro. Ulifanikiwa, ingawa Maria alisubiri hadi 1891 ndipo akapanda treni kwenda Paris, akiwa na miaka 24.

Alikusudia kurudi. Baada ya kupata shahada ya fizikia mwaka 1893 na ya hisabati 1894 alitafuta nafasi Kraków, akaikosa kwa sababu ni mwanamke. Aliolewa Ufaransa, akabaki. Mwaka 1898, yeye na mumewe walipogundua elementi mpya, waliipa jina la poloni ili kuiheshimu nchi ambayo wakati huo haikuwapo. Aliwafundisha binti zake Kipolandi. Mwaka 1932 Warsaw ilifungua taasisi ya elementi ya radiamu aliyoihangaikia miaka mingi, na mkurugenzi wake wa kwanza akawa yule yule Bronisława, aliyekuwa amerudi zamani. Kwa hiyo kati ya ndugu wawili waliosomeshana, mmoja alirudi na mwingine hakurudi, na taasisi hiyo iliwahitaji wote wawili. Msimulie mjomba.

Siku hizi kurudi Poland ni rahisi kuliko wakati wake na kuliko mwaka 2004. Ukosefu wa ajira huko sasa ni miongoni mwa ule mdogo kabisa katika Umoja wa Ulaya. Tangu Agosti 2019 mfanyakazi aliye chini ya miaka 26 hatozwi kodi ya mapato hadi kiwango fulani, na tangu 2022 kuna nafuu ya kodi ya miaka minne kwa waliokaa nje na kuamua kurejea. Nafuu hizo hazimrudishi kila mtu, lakini zinaonesha serikali iliyoacha kuwalaumu walioondoka na kuanza kuwapigia hesabu.

Kwa upande wako, masomo ya kutwa katika vyuo vya umma vya Poland ni bure kwa raia wa huko, lakini mgeni kwa kawaida hulipa, kwa hiyo usikubali wakala akuambie kwamba kila kitu ni bure. Taasisi inayoshughulikia ufadhili ni ile ya serikali inayojulikana kwa kifupi NAWA, iliyoanzishwa mwaka 2017, na Tanzania imewahi kuwa katika orodha ya nchi zinazofadhiliwa. Soma masharti katika tovuti yake mwenyewe, uangalie kama ufadhili ni wa shahada ya kwanza au ya uzamili, kama una mwaka wa kujifunza lugha kabla ya fani, na kama unagharamia nauli. Ubalozi wa Poland upo Dar es Salaam. Kabla ya kununua tiketi, omba kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania cheti cha kutokuwa na pingamizi, na uhakikishe kwamba chuo na kozi uliyochagua vinatambulika, kwa sababu tume hiyo hiyo ndiyo utakayoipelekea shahada yako itambuliwe utakaporudi kutafuta kazi.